Dakika ishirini zao zinaanzia mapokezini

Tangazo la gym hii linasema dakika ishirini tu, umemaliza. Ndicho kilichonivuta. Natoka Kimara alfajiri, kazi iko Posta, narudi giza limeshaingia. Upenyo wangu ni saa ya chakula cha mchana, basi.

Juzijuzi nimeshuka ofisini mbio, nafika, mashine ya alama za vidole ya kufungulia mlango imegoma. Kawaida yake. Dada wa mapokezi yuko kwenye simu, wala si ya mteja, anacheka na shoga yake. Nikasubiri weee. Mwisho nikasema, "Samahani dada, kipindi kinaanza." Akanishusha akanipandisha, akajibu, "Dada'angu, mazoezi hayataki haraka. Kama una haraka, kakimbie barabarani, bure."

Jamani! Mlangoni mmebandika kwa herufi kubwa kwamba hapa ni pa watu wasio na muda, halafu asiye na muda anasutwa? Nilipofunguliwa wenzangu wanajifuta jasho. Nikarudi kazini na nguo zangu za mazoezi mkobani, kavu.

Kinachoniuma, tizi lenyewe ni zuri. Kocha hana mchezo: sekunde 20 unajituma mpaka roho inakaribia kutoka, sekunde 10 unahema, mara nane. Dakika nne hizo, na unaomba maji. Ndiyo tizi linaloitwa Tabata, kwa jina la mtafiti wa Japani aliyechapisha matokeo yake 1996, ingawa yeye aliwapima vijana wa michezo juu ya baiskeli, sisi tunaruka na matumbo ya chipsi mayai. Ngazi za ofisini siku hizi napanda bila kushika ukuta.

Nyota mbili. Kocha peke yake nampa nne. Mapokezi sitoi kitu.

Tena nikifikiria, yule dada amenisaidia na ile "bure" yake. Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 za kutoka jasho hasa, na mwongozo wao wa 2020 haudai tena ufululize dakika kumi ndipo zihesabike. Kumbe ngazi zangu zinahesabika! Sasa nawalipa nini?

Mwezi ukiisha sirudi. Labda kocha ahamie kwingine, nitamfuata. Au watengeneze hiyo mashine, nisionane na mtu pale mbele, maana kuruka peke yangu sebuleni nimejaribu. Nikiona kochi tu, nakaa.