Ain Ghazal au Urfa: sanamu zipi zinagusa zaidi?

Kwa umri, Urfa inashinda. Sanamu ile ya mwanamume, iliyopatikana 1993 wakati wa ujenzi mjini Şanlıurfa, Uturuki, ina takriban miaka 11,000. Ni jiwe la chokaa lenye kimo cha mtu mzima, macho ya obsidiani nyeusi (kioo cha volkano), na haina mdomo kabisa.

Za Ain Ghazal, kijiji cha wakulima wa kale pale Amman, Jordan, ni changa kwa miaka kama 2,000, lakini mimi nazipenda zaidi. Hazikuchongwa. Mafundi walifunga matete kwa kamba, wakayakandika plasta ya chokaa iliyochomwa, wakatia mboni kwa lami nyeusi. Kuchoma chokaa kunakula kuni nyingi mno. Wachoma chokaa wa pwani yetu wanaijua kazi hiyo. Nyingine zina vichwa viwili juu ya kiwiliwili kimoja! Zilizikwa kwa uangalifu chini ya sakafu za nyumba zilizohamwa, zikagunduliwa 1983 na 1985.

Mwenye safari moja tu aende Makumbusho ya Jordan, Amman, akazitazame kadhaa kwa pamoja. Mpenzi wa uchongaji wa mawe, Urfa itamfaa zaidi.