Darubini ya 10x50 na msimu mzima wa Mira

Darubini hii ya macho mawili (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50) niliinunua kwa kazi moja: kuifuatilia Mira, lile jitu jekundu la kundinyota la Nyangumi. Nyota hiyo hutanuka na kunywea, na mng'ao wake hupanda na kushuka, kwa mzunguko wa siku 332 hivi. Ikiwa kileleni hufika daraja la 3 la mng'ao, mara nyingine la 2, kisha huporomoka hadi la 9 (namba ikikua, nyota imefifia). Kileleni macho matupu yanatosha. Darubini ni ya ile miezi mingine yote.

Gurudumu la fokasi ndilo lililonifurahisha zaidi. Ni laini, halirukiruki. Na kwa Mira hilo si jambo dogo, maana nyota nyekundu ukiikodolea macho inazidi kung'aa machoni mwako, ukaishia kuandika uongo. Dawa yake ni kuvuruga fokasi kidogo mpaka nyota iwe kidoa, utupe jicho haraka, uilinganishe na jirani yake, basi. Nikiwa na hii nafanya hivyo kwa kidole kimoja.

Kasoro zipo. Pete ya kurekebisha jicho la kulia imelegea; kila nikiitoa mkobani imeshajizungusha. Nimeifunga kwa mpira. Duara la anga linaloonekana ndani ya darubini ni la nyuzi 5 tu, kwa hiyo Mira na Delta Ceti, nyota niliyoitumia kulinganishia Mira ilipokuwa daraja la 4, hazienei pamoja. Ni kuhama huku na huku shingo ikiuma.

Usiku mmoja niliona Mira imefifia ghafla nikashtuka, kwa sababu yenyewe hupanda upesi lakini hushuka taratibu. Nikaigeukia Menkar, nyota nyingine ya Nyangumi, nayo imefifia! Kumbe umande umetanda kwenye lenzi.

Ikifika daraja la 8, mikono haitoshi tena, mtetemo unaimeza. Niliifunga darubini kwenye stendi ya miguu mitatu ndipo nikaipata nyota, kidoa chenye wekundu hafifu. David Fabricius, mtazamaji nyota wa zamani, aliiona Mira mwaka 1596 bila darubini yoyote, ikampotea. Angekuwa na lenzi hizi za milimita 50 angeifuata mbali sana.

Ukiinunua, izungushe ile pete ya kulia kabla hujalipa. Na nunua stendi siku hiyohiyo.