USB-C: tundu zuri la chaji, nyaya za kubahatisha

Sifa ya USB-C inayotajwa kila mara ni kwamba unachomeka upande wowote. Ni kweli, inaokoa usumbufu, lakini uzuri wake mkubwa uko kwenye springi, yaani vijichuma vinavyobonyea ili kugusa pini. Lightning ya Apple, mfumo wa chaji wa iPhone uliotoka 2012, iliziweka ndani ya simu. Zikilegea, simu lazima ifunguliwe. USB-C, iliyotangazwa 2014, imeziweka kwenye waya, pamoja na vile vikulabu viwili vya pembeni vinavyobana. Upande wa simu umebaki ulimi mwembamba wenye pini bapa, 12 juu na 12 chini. Kinachochakaa ni waya, na waya unabadilishwa bila fundi. Viwango vyake vinataka uvumilie kuchomekwa mara 10,000.

Ulimi huo ndio pia udhaifu wake. Vumbi la mfukoni linashindiliwa chini kila unapochomeka, mpaka waya haufiki mwisho, unacheza, na simu inashika chaji ukiukunja tu. Usikimbilie kubadilisha tundu. Zima simu, chonga kijiti cha meno cha mbao kiwe bapa, kipitishe kati ya ulimi na ukuta wa tundu, kisha ukokote uchafu kuja nje. Sindano ni hatari: pini zimeachana nusu milimita tu, na ile ya umeme imekaa jirani kabisa na ya CC, ambayo kifaa na chaja huitumia kutambuana. Unyevu au kipande cha chuma kikiziunganisha, volti zinaingia pasipotakiwa na saketi ya chaji inaweza kuungua. Kwa hiyo tundu likilowa, liache likauke kwanza.

Kuna tochi na spika ndogo zenye tundu la USB-C ambazo hazichaji kwa waya wa C kwa C (wenye USB-C ncha zote mbili), ila ukitumia wa zamani wenye USB-A, ile ncha pana ya mstatili, upande mmoja zinachaji vizuri. Chaja haina kosa. Chaja ya C haitoi umeme mpaka ione rezista (kijipande kinachozuia umeme) ya kiloomu 5.1 kwenye CC ya kifaa, na mtengenezaji wa tochi au spika hiyo hakuiweka ili abane gharama. Ni rezista ya bei ndogo mno, na kutoiweka ni uzembe usio na udhuru wowote.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba nyaya zinafanana kwa sura ilhali uwezo ni tofauti. Wa kawaida wa C kwa C unapitisha ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20. Kufika ampea 5 lazima uwe na chipu ya utambulisho ndani ya ncha. Bila hiyo, chaja ya wati 100 itashusha umeme na kompyuta itachaji polepole. Nyaya nyingi zinazokuja na simu pia huhamisha data kwa megabiti 480 tu kwa sekunde. Ukinunua, tafuta maandishi ya 60W au 240W kwenye ncha yenyewe, si kwenye boksi.