Leza kwenye ngozi nyeusi: yaliyonipata Kisumu

Leza, ile mashine ya mwanga inayounguza mizizi ya nywele, imenipunguzia ndevu za kidevuni, na kabla ya hapo iliniachia madoa meusi shingoni. Nayasema yote mawili kwa sababu matangazo tunayoyaona huku Kisumu yanataja la kwanza tu.

Kilichonipeleka kliniki ni vipele vya wembe, zile nywele zinazojikunja na kuota kwa ndani. Kliniki ya kwanza siitaji. Mhudumu alinivisha miwani, akanipaka geli baridi, akaanza kazi. Hakuniuliza dawa wala krimu ninazotumia, hakujaribu sehemu ndogo kwanza. Kila mwale ulichapa kama raba ya kufungia pesa, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani. Hayo ni kawaida. Vivimbe vidogo kuzunguka vinyweleo navyo ni kawaida, huisha baada ya saa chache au siku moja mbili. Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani sana. Unachosikia ni joto.

Ila usiku ule nilitokwa na malengelenge chini ya taya, yamejipanga kwa umbo la pembe nne, saizi ya kichwa cha mashine. Yalipokauka yakaacha mabaka meusi yaliyochukua miezi kufifia. Dukani wateja walikuwa wakiniuliza nimeungulia wapi.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenifungua macho. Leza hutafuta melanini, ile rangi ya asili inayotia weusi, na melanini iko kwenye nywele na kwenye ngozi pia. Ukiwa mweusi, mwanga hunaswa juu kabla haujafika kwenye mzizi, ngozi ikaungua. Mashine salama zaidi kwetu ni leza iitwayo Nd:YAG, ya nanomita 1064 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), maana mwanga wake hupenya ndani zaidi na melanini hainyonyi mwingi. Leza ya Alexandrite, ya nanomita 755, inawafaa weupe. IPL, mashine inayomulika mwanga wa mawimbi mengi kwa pamoja, si leza kabisa, ingawa huuzwa kwa jina hilo. Nilipiga simu kule nilikoungua kuuliza walitumia nini. IPL.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza jina la mashine.

Sasa natibiwa kwa Nd:YAG. Walijaribu kwanza kipande kidogo cha ngozi, wakangoja waone. Inauma zaidi, sifichi. Natakiwa kunyoa kwa wembe tu, bila nta wala kibano, kwa kuwa mzizi ukishang'olewa leza haina cha kupiga. Na jua la huku si la mchezo: kwenye boda nafunga leso shingoni, na losheni ya kukinga jua ya SPF 30 siiachi nyumbani.

Nywele zimekuwa chache na laini. Hazijaisha, na kwa sisi wenye shida ya homoni, nywele mpya huendelea kuota, hivyo anayekuahidi zitaisha milele anakudanganya. Niliomba anipitishie na mashavuni, daktari akakataa: malaika, zile nywele laini za usoni, zikipigwa leza wakati mwingine huota zaidi, tena nene. Pesa nilikuwa nazo mkononi, na hakuzichukua.