Sefaria na ule mstari wa Ayubu 13:15: uzoefu wangu

Kiebrania changu ni cha kuungaunga. Alfabeti naijua, nasoma taratibu ikiwa irabu zimewekwa, basi. Nilichokuwa nakitafuta ni msaada kwenye mstari unaotugawa kila tunapofika kwenye Ayubu katika kikundi chetu cha Biblia. Mwenye Biblia ya Union anasoma "sina tumaini". Mwenye King James ya Kiingereza anasoma kinyume chake: hata akiniua, nitamtumaini.

Sefaria ni maktaba ya bure ya maandiko ya Kiyahudi, ina tovuti na aplikesheni. Ukifungua sura ya 13 unakiona chanzo cha mzozo hapo hapo: neno moja limeandikwa mara mbili, kila moja kwenye mabano yake. Moja ni "lo" kwa alefu, yaani "si". Jingine ni "lo" kwa vavu, yaani "kwake". Yanatamkwa sawasawa. Wamasora, wanakili wa Kiyahudi wa zamani walioyatunza maandishi ya Biblia ya Kiebrania, hawakuthubutu kugusa herufi walizozikuta, wakaonyesha kando namna ya kusoma. Msikilizaji hana la kushika: Ayubu amekata tamaa au ameng'ang'ania?

Kilichonikosha ni kubonyeza mstari wenyewe. Pembeni inafunguka orodha ya wafafanuzi na maandiko mengine yanayoutaja. Rashi, yule Mfaransa wa karne ya 11, yuko upande wa tumaini. Mishna nayo, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, katika Sota 5:5, inauliza swali letu lile lile, inakiri kwamba mstari huu peke yake hauamui, kisha inakata shauri kwa Ayubu 27:5, anapoapa kutouacha unyofu wake mpaka kufa. Hiyo ni mijadala ya miaka kama 1,800 iliyopita, na sisi tulidhani ni ubishi wetu wa Jumatano!

Mimi bado niko na Union. Sura nzima ni lugha ya mahakamani: mstari wa 3 anataka kuhojiana na Mungu, wa 18 kesi ameshaipanga. Hana tumaini la kutoka salama, ila atajitetea tu. Hiyo "ila" ya nusu ya pili ya mstari inakaa vizuri zaidi hivyo.

Kasoro? Kiswahili hakuna, menyu ni Kiingereza au Kiebrania. Baadhi ya fafanuzi hazijatafsiriwa, na hapo mtu wa kiwango changu anakwama kabisa. Lakini aplikesheni inakuruhusu kupakua vitabu. Vishushe ukiwa na wifi, usije ukamaliza bando.