Fundi wa kubaindi Kariakoo: mshono safi, lakini chunga kingo zako

Nampa nyota nne, na hiyo ya tano nitaeleza imekwenda wapi. Kibanda chake ni kidogo, meza moja na mashine ya kukatia karatasi ya zamani, na watu wengi humpelekea ripoti za chuo. Mimi nilimpelekea kaunta buku mbili za marehemu baba.

Baba alikuwa karani bandarini, Mpemba, na Mpemba mwenzake, mwanadiplomasia Salim Ahmed Salim, baba alimfuatilia kuliko alivyofuatilia Yanga. Kila gazeti lililomtaja alilikata na kulibandika. Gundi ilikuwa imekauka, vipande vinapukutika kila ukifungua.

Fundi ni kijana, lakini hakukimbilia bei. Alipekua kurasa kisha akaniuliza, "Mzee, nivipange kwa tarehe, au marehemu alikuwa na mpango wake?" Hapo ndipo aliponipata. Mpango ulikuwepo. Kipande cha Uhuru cha Oktoba 1971, China ya Beijing ilipopewa kiti Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, baba alikibandika uso kwa uso na vya mwishoni mwa 1981. Mwaka ule wa kwanza Salim alikuwa balozi wetu New York, akashangilia ukumbini pamoja na wenzake, na balozi wa Marekani aliyeshindwa alikuwa George Bush mkubwa. Miaka kumi baadaye Salim anagombea Ukatibu Mkuu wa Umoja huohuo, anamshinda Kurt Waldheim aliyekuwa na kiti raundi ya kwanza kwa kura 11 kwa 10, na Marekani inamwekea veto. Nayo China ikawa inamwekea Waldheim veto kila raundi. Desemba wote wawili wakakaa pembeni, kiti akakichukua Pérez de Cuéllar wa Peru. Wakati huo Bush ni Makamu wa Rais. Baba hakuandika neno, alivibandika tu vitazamane, na kwake kesi ilikuwa imekwisha. Fundi angevipanga kwa tarehe, hoja yote ingepotea. Aliviacha vilivyo.

Mshono ni wa uzi, si gundi peke yake, na kitabu kinalala wazi mezani bila kushikiliwa. Jalada ni kitambaa cha bluu iliyoiva.

Sasa lawama. Baada ya kushona alivipitisha kwenye mashine ili kingo ziwe sawa, bila kuniuliza. Ukurasa wa Aprili 1984, Salim alipoteuliwa Waziri Mkuu baada ya kifo cha Sokoine, umekatwa pembeni palepale baba alipoandika tarehe kwa biki. Tarehe yenyewe naijua, ni 24 Aprili. Kilichoondoka ni mwandiko wake. Nilipomwonyesha, kijana aliona haya kweli, akapunguza elfu tano kabla sijaomba. Mimi ningependelea mwandiko.

Kaunta buku ya pili ni nyembamba ingawa ina kipindi kirefu, Salim akiwa Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1989 hadi 2001. Nadhani habari za Addis Ababa, makao ya OAU, hazikumsisimua baba kama zile za New York. Baada ya hapo kuna kurasa tupu: 2005, CCM ilipompitisha Kikwete kugombea urais naye Salim akaachwa, mzee hakubandika kitu. Fundi alitaka kuzitoa ili kitabu kipungue unene. Nikamwambia aziache, akacheka, akaziacha.

Bei ilikuwa elfu arobaini kwa vyote viwili baada ya kupunguziwa. Herufi za dhahabu mgongoni unaongezea, na anazipiga kwa mkono zikakaa sawasawa. Atachelewa kidogo kuliko alivyoahidi, basi usimpelekee kitu cha kuwahi. Anataka nusu kwanza, na simu hapokei akiwa anashona, kwa hiyo nenda mwenyewe asubuhi kabla wanachuo hawajamjazia meza.