Mfuko wa PICS kwa mbaazi: nimeutumia misimu minne, Galapo

Nianze na 2017, maana mwaka huo ndio ulionipeleka kwenye mfuko huu wa kuhifadhia mazao usiopitisha hewa. Nyuma kidogo mbaazi zilishapita elfu mbili kwa kilo, na huku kwetu Babati karibu kila mwenye mahindi alikuwa amezichomeka humo humo. Mahindi ya kula, mbaazi za ada ya shule. Mvua inakata Mei, mahindi yanavunwa, mbaazi zenyewe zinabaki zimesimama zikivuta maji ya chini mpaka Agosti, Septemba. Sasa Agosti ile India, ambao ndio wateja wetu wakubwa, wakaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kutoka nje. Bei ikaporomoka hadi mia mbili. Madalali wakaacha hata kupokea simu.

Nikagoma kuuza. Gunia saba nikazifungia stoo kwenye salfeti za kawaida. Krismasi nikafungua moja: mkono ukatoka na unga. Punje zina vitundu vya duara, nyingine vitatu vitatu, na fukusi wanapanda hadi kwenye kiwiko. Tukawapa mbuzi, nao wakasitasita.

Mfuko wenyewe niliununua kwa 5,000, wakati salfeti tupu ilikuwa kama elfu moja. Ndani una mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwenzake, nje ndiyo salfeti. Hauna dawa. Fukusi wa mbaazi hawaanzii stoo, wanakuja nazo kutoka shambani. Ukiiangalia punje vizuri utaona yai jeupe limegandishwa juu ya ganda. Ukifunga sawasawa, wakianguliwa wanamaliza hewa iliyomo na kufa humo humo. Umebuniwa kwa ajili ya kunde, huko Cameroon, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Yaani angalau mara moja sisi wa mikunde tulifikiriwa kabla ya watu wa mahindi.

Kinachowaangusha wengi ni kufunga. Jirani yangu alizikusanya tabaka zote tatu akazifunga kwa kamba moja, kisha akaniambia mfuko ni utapeli. Unakamua hewa ya ule wa ndani, unasokota shingo mpaka iwe ngumu kama mkia wa ng'ombe, unaikunja, unafunga. Halafu wa pili hivyo hivyo. Halafu salfeti. Na mbaazi ziwe kavu kweli: mimi natia kiganja cha mbaazi na chumvi kavu kwenye chupa ya soda iliyo kavu, natikisa, naacha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, narudisha mzigo kwenye turubai.

Kasoro zipo. Panya hawaheshimu nailoni. Msimu wa kwanza nililaza mfuko ukutani, wakatoboa pembeni, gunia lote likaliwa. Siku hizi naweka juu ya chaga, katikati ya chumba. Vipande vya maganda na vijiti vinavyobaki baada ya kupiga navyo vinachoma, kwa hiyo pepeta kwanza. Tena usikubali kuuziwa bila kukagua: duka moja la pembejeo, silitaji, liliniuzia wenye nailoni moja tu kwa bei ile ile. Fungua pale pale, hesabu, puliza upepo, bana mdomo, usikilize kama unavuja.

Na usiwe wa kufungua kila Jumamosi kuchota mboga. Za kula mimi naweka kwenye dumu la lita 20 lenye kifuniko kinachobana.

Bei je? Hapo mfuko haukusaidii kitu. Msimu wa tatu nilikaa na mzigo mpaka Februari nikauza kwa pungufu ya bei ya Septemba, mke wangu bado ananikumbusha. Lakini niliuza mbaazi nzima, zilizopimwa kwa mzani, na hakuna aliyetia mkono kwenye gunia akakunja uso ili anikate mia. Mbegu pia niliitoa humo. Iliota vizuri, sikurudia kupandia mapengo.

Mwaka huu nimenunua miwili tu. Minne ni ya zamani, nimeikagua juani mmoja mmoja. Mmoja nikauona una tundu, huo sasa umewekewa pumba za kuku.